Upepo wa matairi mchangani: mwongozo kwa anayeelekea Chalbi na Loiyangalani

Gari likizama kwenye laga (mkondo wa mto wa msimu ulio mkavu), wengi hukimbilia sepetu, kisha 4L (gia ya chini ya magurudumu manne), kisha watu wa kusukuma. Mara nyingi ugonjwa uko kwenye matairi. Yamejaa upepo wa lami, na mchanga hauwezi kuubeba uzito wa gari juu ya vipande vinne vidogo vya mpira.

Mwongozo huu unafuata njia ya kaskazini mwa Kenya, kutoka Marsabit kupitia Bubisa, Maikona, Kalacha na North Horr hadi Loiyangalani. Tumeichagua kwa sababu huko suala la upepo lina ugumu wake. Kama njia yote ingekuwa mchanga, ungetoa upepo asubuhi na kusahau hadi jioni. Huko laga ya mchanga laini hufuatwa na uwanda wa mawe meusi ya volkano, kisha sakafu ngumu ya jangwa la Chalbi, kisha mchanga tena. Presha iliyokuvusha kwenye laga ndiyo itakayokupasulia shavu la tairi kwenye mawe kilomita tano mbele. Kwa hiyo hesabu ya safari inaanzia kwenye kompresa: usitoe upepo ambao huna njia ya kuurudisha.

Kinachotokea chini ya tairi

Chukua Land Cruiser yenye mzigo, jumla tani 2.8. Kila gurudumu linabeba kilo 700 hivi. Tairi la psi 35 (pauni kwa inchi ya mraba, kipimo cha upepo) lina presha ya karibu kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba. Gawanya 700 kwa 2.5, upate sentimita za mraba 280. Shusha hadi psi 16, ambayo ni kilo 1.1 hivi, na eneo linavuka 600. Tairi lenyewe halifuati hesabu hii sawasawa, maana mashavu nayo hubeba sehemu ya uzito. Tairi la plai (tabaka) 10 lina mashavu magumu kuliko la plai 6, ndiyo sababu hulazimu kulishusha zaidi ili lilegee kiasi kilekile. Lakini mwelekeo ndio huo.

Watu hudhani tairi lililopunguzwa upepo hupanuka kwa pembeni. Hupanuka kidogo tu. Kinachokua hasa ni urefu wa unyayo wake, kwenda mbele na kurudi nyuma, na urefu huo ndio wenye faida. Tairi jembamba la 7.50R16 likilegezwa vizuri hupita mchanga ambao tairi pana lililojaa upepo linazama. Tairi gumu huchimba na kusukuma tuta dogo la mchanga mbele yake, kisha hujaribu kulipanda. Likilipanda, lingine liko tayari. Gari linakuwa linapanda mlima kwenye tambarare, injini inalia, na dereva anaongeza mafuta. Hapo magurudumu yanazunguka bure na gari linajizika lenyewe.

Unaweza kuliona hili kwa macho. Pita mita kumi kwenye mchanga, shuka, utazame nyayo zako. Ukiona mfereji wenye kingo zilizoporomoka na hakuna alama ya kashata za tairi (vinundu vya uso unaokanyaga ardhi), presha ni kubwa mno. Ukiona alama za kashata zimechapwa wazi na kina hakizidi sentimita mbili tatu, umefika pazuri.

Vya kubeba

Kipimo cha upepo chenye uso wa mshale kama saa, kinachosoma hadi psi 60 na si zaidi. Kipimo cha psi 0 hadi 160 cha malori hakisomi vizuri pale chini unapokihitaji. Tofauti ya psi 12 na 16 ni mshale kusogea kidogo tu. Vile vipimo vya kalamu vyenye kijiti kinachochomoza hukwama mchanga ukiingia. Kama kipimo chako kinaonyesha bar, kumbuka bar 1 ni psi 14.5.

Kompresa ya volti 12 inayobanwa moja kwa moja kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye tundu la kiberiti zinafanya kazi, ila huchukua dakika kumi hadi kumi na tano kwa tairi moja kubwa, na huchemka kabla ya kumaliza manne. Kompresa kubwa nayo huvuta ampea 30 au zaidi. Ukiiunganisha kwenye tundu la kiberiti utaunguza fyuzi, ambayo kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 15.

Pampu ya mguu ni akiba nzuri kwa mwenye subira. Kurudisha tairi moja kutoka psi 16 hadi 36 kunahitaji lita 80 hivi za hewa. Pampu inayotoa chini ya nusu lita kwa mkanyago mmoja itakudai mikanyago mia mbili na ushee kwa kila tairi, juani.

Ongeza kifungulio cha kiini cha vali, viini vinne vya akiba, vifuniko vya vali, chaki, sepetu mbili, ubao mnene wa kuweka chini ya jeki (sentimita 40 kwa 40, kwa sababu jeki nayo huzama), na mpira wa kuunganisha upepo. Huo wa mwisho wengi huusahau. Malori yanayopita kaskazini yana breki za upepo, na dereva wa lori mwenye kiunganishi anaweza kukujazia matairi kutoka kwenye tangi lake. Omba kwa adabu, na uwe na mpira wako.

Namba za kuanzia

Namba hizi ni za gari la aina ya Land Cruiser au Hilux lenye mzigo wa wastani na matairi ya waya yasiyo na tyubu. Chukulia kama pa kuanzia.

Kwenye lami, fuata kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango wa dereva. Barabara ya changarawe yenye mawimbi kama bati, na mawe ya volkano: psi 28 hadi 30. Laga fupi yenye mchanga wa punjepunje kubwa ulioshikana: psi 22 hadi 24. Mchanga laini wa masafa marefu, kama pembeni mwa North Horr: psi 18 mbele na 20 nyuma. Mchanga kama unga, au vilima vya mchanga: 15 au 16. Kujinasua baada ya kuzama: 12. Psi 10 ni sakafu, kwa mita chache tu na bila kukata kona.

Nyuma huongezwa psi 2 hadi 4 kwa sababu ndiko mapipa ya maji, mafuta na abiria walipo. Gari tupu halihitaji tofauti hiyo. Pick-up isiyo na mzigo hata hubeba uzito zaidi mbele kuliko nyuma.

Gari jepesi kama Suzuki Jimny lina uzito usiofika nusu ya Land Cruiser iliyojazwa, kwa hiyo psi 18 kwake bado ni gumu. Lianze na 15. Magari ya mjini yenye matairi ya mashavu mafupi ni kinyume chake: hakuna shavu la kulegea, na ringi itagonga jiwe mapema. Usiyashushe chini ya 20, na kwa kweli usiyapeleke Chalbi.

Usipokuwa na kipimo, tumia rula. Gari likiwa kwenye ardhi ngumu na presha ya lami, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa ringi. Tuseme ni sentimita 15. Toa upepo hadi kimo kibaki robo tatu, yaani sentimita 11 na kidogo. Hapo tairi litakuwa na kitambi kinachoonekana chini bila kujikunja. Njia hii ina faida moja ambayo kipimo hakina: inahesabu uzito wa gari lako pamoja na ugumu wa mashavu. Kata kijiti cha urefu huo, ukiweke kwenye droo ya mbele.

Joto na mwinuko

Presha hupimwa tairi likiwa baridi. Tairi lililokimbia lami kutoka Isiolo likiwa na psi 36 asubuhi linaweza kusoma 40 au 41 saa saba mchana. Ukishusha hadi 18 hapo hapo likiwa la moto, usiku likipoa utakuta 15 au 16. Si kosa, mradi unajua. Kosa ni kuliona limepanda barabarani ukatoa hizo psi 4 "zilizozidi". Hazikuzidi, hewa imepata joto tu. Kila nyuzi joto 5 au 6 huongeza karibu psi 1.

Mji wa Marsabit uko juu ya mita 1,300, na Chalbi iko chini ya mita 400. Unaposhuka, hewa ya nje inakuwa nzito zaidi, na kipimo kinasoma karibu psi 1.5 pungufu ingawa hakuna hewa iliyotoka. Wakati huohuo joto la bondeni linarudisha psi 2 au zaidi. Viwili hivi karibu vinafutana, kwa hiyo usihangaike navyo. Mwinuko unaonekana zaidi kwa anayejaza upepo Nairobi na kuteremka Mombasa: psi 2 na nusu hupotea kwenye kipimo kwa sababu hiyo peke yake.

Kutoa upepo

Fanya kabla ya kuingia mchangani. Dakika kumi za kusimama kando ya laga ni nafuu kuliko saa mbili za kuchimba katikati yake.

1. Simamisha gari kwenye ardhi ngumu, tambarare, mahali ambapo utaweza kuondoka bila kona kali. Breki ya mkono, gia ndani.

2. Kwa Land Cruiser za zamani zenye habu za kufunga kwa mkono (vifungio vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele), zifunge sasa ukiwa umeinama hapohapo. Zungusha hadi LOCK, zote mbili. Habu moja ikibaki wazi, una magurudumu mawili tu yanayovuta, na hutajua kwa nini unazama.

3. Vua kifuniko cha vali, ukiweke mfukoni na si juu ya tairi. Bonyeza pini ya kati kwa ncha ya ufunguo au upande wa nyuma wa kifuniko cha chuma. Kijiti cha kiberiti huvunjikia ndani.

4. Kwenye tairi la kwanza, hesabu sekunde. Bonyeza kwa sekunde 30, pima. Ukiona psi 35 imekuwa 30, basi kila psi 5 inakula sekunde 30, ingawa kadiri presha inavyoshuka ndivyo hewa inavyotoka polepole, kwa hiyo ongeza kidogo mwishoni. Matatu yaliyobaki utayafanya kwa kuhesabu, kisha unahakikisha kwa kipimo.

5. Ukiwa na haraka, fungua kiini chote. Shika kifungulio kwa vidole viwili huku kiganja kikiwa juu ya vali, maana kiini hutoka kama risasi na kikiangukia mchangani hukioni tena. Tairi litatoka 35 hadi 18 chini ya dakika moja, kwa hiyo usiende kuzungumza na mtu. Kabla ya kukirudisha, kifute kwa kitambaa safi. Punje moja ya mchanga kwenye mpira wake mdogo itakuachia tairi flati asubuhi.

6. Pima yote manne mara ya mwisho. Matairi ya upande mmoja yakitofautiana psi 3 na ya upande wa pili, usukani utavuta. Funga vifuniko.

Kwenye magari mapya taa ya onyo la upepo itawaka kwenye dashibodi na kubaki inawaka. Iache.

Matairi ya tyubu

Hapa ndipo miongozo mingi iliyoandikwa kwa magari ya nchi nyingine inampotosha dereva wa huku. Magari mengi ya kazi kaskazini bado yana ringi za kugawanyika (zilizoundwa kwa vipande) na tairi za 7.50R16 zenye tyubu. Upepo ukipungua sana, tairi huteleza juu ya ringi kila unapokanyaga mafuta au breki. Tyubu huvutwa pamoja na tairi, lakini shina la vali limeshikwa na tundu la ringi. Matokeo yake shina hukatika kwenye kitako chake, na pancha hiyo haizibiki kwa kiraka.

Kwa hiyo ukiwa na tyubu, psi 20 ndiyo iwe chini yako ya kawaida, na 18 kwa dharura tu. Chora mstari wa chaki kutoka kwenye ringi hadi shavuni kwa kila gurudumu. Baada ya laga, shuka uangalie. Mistari ikiwa imeachana, ongeza upepo. Shina la vali likiwa limelala upande badala ya kusimama wima, tyubu tayari imevutwa, na inabidi tairi lifunguliwe na tyubu ipangwe upya.

La pili, na hili linaua: tairi la ringi ya kugawanyika lililokimbia likiwa flati kabisa lisijazwe upepo likiwa mahali pake. Ringi ya kufungia inaweza kuwa imehama, na upepo ukiingia huruka kwa nguvu ya kuvunja fuvu. Lifunguliwe, likaguliwe na fundi wa matairi, lijazwe likiwa limefungwa kwa mnyororo au ndani ya kizuizi.

Kuendesha ukiwa na upepo mdogo

Laga itembee kwanza kwa miguu. Mahali ambapo kisigino kinazama hadi kifundo, tairi la psi 24 litazama pia. Angalia ukingo wa kutokea kuliko wa kuingilia. Magari mengi hunasa mita tano za mwisho, pale mchanga uliochimbwa na wengine unapokutana na mpando. Angalia pia miiba. Laga nyingi zina migunga kandokando, na matawi makavu hufunikwa na mchanga. Tairi lililolegea huweka shavu karibu zaidi na mwiba.

Na tazama mawingu ya upande wa mlimani. Maji ya laga hushuka kutoka mvua ambayo hukuiona. Hata kama unapunguza upepo, fanya hivyo ukingoni, kamwe si ndani ya mkondo.

Tumia 4H (magurudumu manne, gia ya juu) na gia ya pili au ya tatu kabla ya kuingia, kisha ubaki nayo. Kubadilisha gia katikati ni kupoteza mwendo, na mwendo ndio unaokuvusha. Ondoka taratibu bila kuzungusha magurudumu. Usikanyage breki kusimama. Ondoa mguu kwenye mafuta, mchanga utakusimamisha wenyewe. Breki hujenga tuta mbele ya kila gurudumu, na kuondoka tena kunakuwa kazi. Simama ukielekea mteremkoni kila inapowezekana.

Kuhusu kasi tuko wakali kidogo. Kwa psi 22 hadi 24 usizidi kilomita 60 kwa saa. Kwa 18, 40. Kwa 15, 30. Kwa 12, mwendo wa mtu anayekimbia. Tairi lililolegea hujikunja na kujikunjua kila mzunguko, na kila mkunjo ni joto ndani ya shavu. Sakafu ya Chalbi ikiwa kavu ni pana na laini kama meza, na inashawishi kweli kweli: unatoka mchangani na psi 16, mbele hakuna kitu hadi upeo wa macho, mguu unazama wenyewe. Hapo ndipo matairi hufa. Simama kila nusu saa uweke kiganja shavuni. Usipoweza kukishikilia hapo kwa kuhesabu hadi tano, punguza mwendo au ongeza upepo.

(Chalbi ikinyeshewa, mwongozo huu haukusaidii. Chini ya lile ganda la chumvi kuna tope, na upepo mdogo hautalifanya kuwa mchanga. Uliza Kalacha au Maikona kabla ya kukatiza, na ukiambiwa zunguka, zunguka.)

Kona ziwe pana. Kukata usukani ghafla ukiwa na psi 15 kunasukuma ukingo wa tairi utoke kwenye ringi, hasa gurudumu la mbele la upande wa nje. Kwenye kilima cha mchanga panda moja kwa moja na ushuke moja kwa moja. Ukishindwa kufika juu, rudi nyuma kwenye nyayo zako zilezile. Kugeuza gari ubavuni mwa kilima ni kuomba kupinduka.

Walioko Oman wanaoingia mchanga wa Sharqiya, ambao wengi bado huuita Wahiba, wana nafuu upande mmoja: wakishaingia, mchanga ni mchanga, na Bidiyah kuna maduka ya matairi ya kujazia upepo wakitoka. Huko 15 au 16 ndiyo presha ya kawaida ya kuanzia. Lakini vilima vile huadhibu kona kali kuliko laga yoyote ya huku.

Ukizama

Gari likiacha kusonga mbele, toa mguu kwenye mafuta sekunde hiyohiyo. Kila mzunguko wa bure ni sentimita nyingine chini. Jaribu kurudi nyuma kwenye nyayo zako, taratibu, mara moja tu.

Kama halikutoka, shuka uchungulie chini. Kuna hali mbili, na dawa zake zinatofautiana. Ikiwa kati ya difu (kile kisanduku cha gia katikati ya ekseli) na mchanga bado kuna nafasi, toa upepo hadi 12, ondoa mchanga mbele na nyuma ya magurudumu, abiria washuke, jaribu tena kwa 4L na gia ya pili. Mara nyingi hilo latosha. Ikiwa difu imekaa juu ya mchanga, kutoa upepo kwanza kutazidisha, kwa kuwa gari litashuka sentimita mbili tatu zaidi na uzito wote uko tumboni. Chimba chini ya difu kwanza, hadi mkono upite, ndipo ushughulike na vali.

Ukichimba mbele ya magurudumu, chimba mteremko mrefu, wa mita moja hivi, badala ya shimo. Ubao au matawi yakiwekwa yawe yamesukumwa chini kabisa ya tairi. Yakiachwa mbele tu, tairi litayatema nyuma. Hakuna mtu asimame nyuma ya gurudumu lenye ubao.

Tairi likitoka kwenye ringi

Inua kwa jeki juu ya ule ubao mnene, tairi liwe hewani kabisa. Ondoa mchanga wote katikati ya ringi na ukingo wa tairi, kwa kitambaa chenye maji, kisha upake maji ya sabuni. Funga mkanda wa mzigo kuzunguka katikati ya tairi na ukaze. Mkanda husukuma kingo zielekee kwenye ringi. Toa kiini cha vali ili hewa iingie kwa kasi, washa kompresa. Utasikia mlio mara mbili, kila upande ukikaa. Rudisha kiini, jaza hadi psi 30, ndipo ushushe tena.

Ile njia ya kumwaga petroli ndani na kuwasha moto ipo, na kuna mafundi wanaojivunia. Hewa ndani ya tairi haipimiki, na mtu anayeinamia ringi wakati huo ana uso mmoja tu.

Kurudisha upepo

Jaza pale mchanga unapoishia, kabla ya mawe. Baada ya North Horr kuelekea Ziwa Turkana, na tena kutoka Loiyangalani kwenda kusini, mawe ya volkano yana kingo zinazokata. Kwa psi 18 mashavu yametokeza nje ya kashata, na shavu ndilo sehemu nyembamba kuliko zote. Likichanwa halina kiraka cha kuaminika. Kwa psi 40 tairi ni gumu kiasi kwamba ncha ya jiwe inaingia badala ya tairi kujikunja juu yake. Ndiyo sababu tunasema 28 hadi 30, na mwendo wa pole, huku ukipitisha jiwe chini ya kashata na si ubavuni.

Injini iwe inaunguruma kompresa ikifanya kazi, la sivyo betri ndiyo itakayofuata. Weka kompresa juu ya turubai au kofia ya injini, maana ikilala mchangani huvuta punje kupitia kichujio. Kabla ya kubana mpira, bonyeza vali kidogo ili hewa ipulize mchanga uliojificha mdomoni. Tairi moja huchukua dakika tatu hadi tano kwa kompresa nzuri. Baada ya mawili, ipumzishe dakika kumi.

Kompresa ikifa, bado kuna tairi la akiba. Ukiondoka Marsabit, lijaze hadi psi 50 ikiwa maandishi ya shavuni yanaruhusu. Kwa mpira wenye kiunganishi pande zote mbili, psi 50 ya akiba na 16 ya gurudumu la ukubwa uleule zitakutana 33. Litakuokoa tairi moja tu, kwa hiyo chagua la nyuma lenye mzigo zaidi, na mengine yatembee polepole hadi utakapopata lori au fundi.

Ukifika lami, rudisha presha kamili kabla ya gurudumu la kwanza kuigusa, hata kama umebakiza kilomita ishirini tu. Kesho yake asubuhi, kabla jua halijachomoza, pima tena yote matano yakiwa baridi. Lililoshuka psi 2 au zaidi kuliko wenzake lina mwiba au mchanga kwenye vali. Tema mate kwenye mdomo wa vali: povu likichomoza, badilisha kiini; lisipochomoza, zungusha gurudumu polepole ukipapasa kwa kiganja hadi uupate mwiba.